Gramu na Milima: Wepesi wa Baiskeli na Kazi ya Baiskeli

Miongoni mwa vijana wenye baiskeli mjini Kigoma, kuanzia Bangwe hadi Ujiji, imeenea imani ya kwamba baiskeli bora ni ile iliyo nyepesi, na kwamba kila gramu inayoondolewa ni nguvu inayorudishwa miguuni mwa mpandaji. Imani hiyo ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ya ukweli aghalabu hudhuru kuliko uongo mtupu, kwa kuwa haikanushwi kwa urahisi. Yafaa basi ichunguzwe kwa mizani na kwa hesabu, hasa mahali kama Mwanga, ambapo barabara inayoanza karibu na stesheni ya reli hupanda kilima, kisha hushuka kuelekea Ujiji, na ambapo baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo.

Chanzo cha imani hiyo si kigumu kukitambua. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kuu ya wanaume, iliyoshindwa na Tadej Pogačar wa Slovenia, ilikuwa ya zaidi ya kilomita 260, na jumla ya kimo kilichopandwa ilizidi mita 5,000. Katika mbio za namna hiyo wepesi ni jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, tangu mwaka 2000 limeweka sharti kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, maana bila kizuizi watengenezaji wangeendelea kupunguza mpaka chombo kivunjike chini ya mpandaji. Kijana wa Mwanga anayeiona baiskeli kama hiyo, kisha akaitazama Phoenix ya baba yake yenye uzito wa kilo 20 hivi, hawezi kulaumiwa akihisi kuwa amefungwa jiwe shingoni.

Lawama yaanza pale anapochukua hatua. Mwenye fedha kidogo hutafuta baiskeli ya mtumba yenye gia na tairi nyembamba, au hununua vipuri vya alumini kimoja kimoja. Asiye na fedha huanza kuvua. Kwanza hutoka kava ya mnyororo, kisha madigadi, stendi, taa na kengele, na mwishowe breki ya mbele pamoja na fimbo zake zote. Hapo husemwa kuwa baiskeli "imepumua". Kwa kweli kilichofanyika ni kuondoa kilo mbili za vyuma, na katika kilo hizo mbili kilikuwamo kitu pekee ambacho kingeweza kumsimamisha mwenyewe kwenye mteremko.

Na ihesabiwe faida ya kilo hizo mbili. Mchukuzi wa mawese aliyefunga madumu matano ya lita 20 nyuma ya baiskeli hubeba kilo 90 hivi za mafuta, kwa kuwa mafuta ya mawese ni mepesi kidogo kuliko maji. Yeye mwenyewe ana kilo 60, na baiskeli 20. Jumla ni kilo 170. Akipanda kimo cha mita 300, awe juu ya pedali au akiisukuma kwa mikono, kazi anayoifanya dhidi ya mvutano wa dunia ni 170 mara 9.8 mara 300, yaani jouli 499,800. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa kwa muda mrefu nguvu ya wati 100 hivi. Kwa nguvu hiyo kupanda huko, bila kuhesabu misuguano yote, kwahitaji dakika 83. Kilo mbili zilizovuliwa hupunguza kazi hiyo kwa jouli 5,880, ambazo kwa wati 100 ni sekunde 59. Mtu amevua breki yake ili afike juu dakika moja mapema katika safari ya saa moja na dakika 23. Akipumzika mara moja chini ya mwembe, dakika hiyo imekwisha.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huenda mchukuzi akajibu kwamba anayepiga hesabu hizi hajawahi kusukuma madumu matano. Jibu hilo ni la haki, lakini halibadili uwiano. Mzigo ukizidi, kilo moja ya baiskeli huwa sehemu ndogo zaidi ya jumla. Anayepaswa kuhangaikia gramu ni yule anayepanda mtupu.

Kuna usemi mwingine unaopendwa na mafundi na wauzaji wa vipuri: kwamba gramu moja ya gurudumu ni sawa na gramu mbili za fremu. Wanafunzi waliosoma mwendo wa mzunguko wataona mara moja usemi huo umetoka wapi. Kitu kilichofungwa kwenye fremu husonga mbele tu. Kitu kilichoko kwenye ukingo wa gurudumu husonga mbele na papo hapo huzunguka, kwa hiyo nishati yake ya mwendo ni maradufu. Kilo moja kwenye fremu, katika mwendo wa mita 5 kwa sekunde, ina jouli 12.5, kilo hiyo hiyo kwenye ringi na tairi ina jouli 25. Usemi ni kweli, lakini ni kweli wakati wa kuongeza mwendo tu. Mwendo ukiwa sawasawa, jouli hizo zimekwisha kulipwa wala hazidaiwi tena mpaka mpandaji asimame na kuanza upya. Na katika kupanda mlima kilo ni kilo, popote ilipo: kuinua kilo moja mita 300 ni jouli 2,940, iwe kwenye ringi au kwenye tandiko. Ziada ya jouli 12.5 si kitu mbele ya hesabu hiyo. Muuzaji anayetoza bei maradufu kwa sababu ya ringi nyepesi auza jouli chache sana kwa fedha nyingi sana, isipokuwa mnunuzi awe mshindani anayechomoka ghafula mara mia katika siku moja.

Adui mkubwa wa baiskeli ya Kigoma hayumo kwenye mizani hata kidogo. Ni ukinzani wa tairi inapoviringika juu ya barabara. Tairi iliyobonyea hukunjwa na kukunjuka kila inapogusa ardhi, na sehemu ya nishati inayotumika kuikunja hupotea kama joto. Kwa makadirio ya kawaida, tairi ngumu juu ya lami hudai kani ya sehemu 8 katika 1,000 za uzito unaoibebesha. Tairi hiyo hiyo ikiwa na upepo mdogo yaweza kudai mara mbili ya hapo, na juu ya vumbi na kokoto hudai zaidi. Baiskeli ya kilo 170 ina uzito wa nyutoni 1,666. Kwa tairi ngumu ukinzani ni nyutoni 13 hivi. Kwa tairi legevu ni 27. Mchukuzi akienda kwa mita 4 kwa sekunde, yaani kilomita 14 kwa saa, tairi ngumu humla wati 53 na tairi legevu wati 107. Tofauti ya wati 54! Zaidi ya nusu ya nguvu zote za mtu hunywewa na tairi isiyojazwa, ilhali kilo mbili alizovua kwa jasho na spana humwokolea, kwenye njia tambarare, chini ya wati moja. Chombo cha kurekebisha hilo ni bomba la mkono, ambalo karibu kila kijiwe cha fundi baiskeli kinalo, pamoja na tabia ya kusoma kipimo kilichochapwa ubavuni mwa tairi.

Baada ya tairi huja mnyororo na gololi. Mnyororo safi uliotiwa mafuta hupoteza kiasi cha asilimia 2 au 3 tu ya nguvu inayopita ndani yake. Uliokauka na kujaa mchanga hupoteza zaidi, tena hujitafuna wenyewe pamoja na meno yake. Hapa ndipo ilipo kejeli ya kuvua kava ya mnyororo ili kupunguza uzito, kwani kava hiyo iliwekwa kuzuia mchanga ule ule. Jambo la pembeni litakalowafurahisha wanafunzi wa Kigoma, mkoa wa michikichi, ni kwamba katika karne ya 19 mafuta ya mawese yaliyosafirishwa kutoka Afrika Magharibi yalitumika Uingereza kulainisha mitambo ya viwanda na mihimili ya magurudumu ya reli. Hata hivyo mawese si mafuta mazuri kwa mnyororo wa baiskeli: huganda, huoza na kushika vumbi. Mafuta mepesi ya mashine, yakipakwa kidogo na ziada ikafutwa kwa kitambaa, hufanya kazi bora.

Kipuri kimoja ambacho chastahili kununuliwa kabla ya vyote vyepesi ni friwili yenye meno mengi zaidi. Baiskeli nyingi za kazi hazina gia za kubadili. Friwili yake ikiwa na meno 18, nayo ikabadilishwa kwa ya meno 22, kani inayohitajika juu ya pedali kwenye mlima ule ule hushuka kwa asilimia 18. Kilo mbili za chuma zilipunguza kani hiyo kwa asilimia 1.2. Friwili ya meno 22 ni nzito zaidi kwa gramu chache, na mwenye imani ya wepesi ataikataa kwa sababu hiyo! Ni kweli kwamba kazi yote ya kupanda haipungui, kwa kuwa mpandaji sasa huzungusha pedali mara nyingi zaidi. Lakini mwili wa binadamu si mashine isiyobagua: goti lililokataa kani kubwa hukubali kani ndogo iliyorudiwa, na mahali ambapo mtu alilazimika kushuka na kusukuma, huenda sasa akapita akiwa amekaa. Tandiko nalo liinuliwe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu uwe umenyooka. Badiliko hilo halina bei.

Wahandisi wa baiskeli za mizigo wameifuata njia hiyo hiyo. Baiskeli iitwayo Buffalo, iliyoundwa na shirika la World Bicycle Relief kwa ajili ya barabara za vijijini na kutumika katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Kenya, Malawi na Zambia, ina uzito unaozidi kilo 20, na keria yake ya nyuma imekusudiwa kubeba kilo 100. Walipotaka kuiboresha kwa ajili ya milima, wabunifu wake hawakuipunguza uzito. Waliongeza mnyororo wa pili na friwili ya pili, ili mpandaji akipiga pedali kinyumenyume baiskeli ihame kutoka kani moja kwenda nyingine, bila waya wala vijisehemu vinavyopinda kwa urahisi. Walichagua kuongeza chuma mahali ambapo chuma kina kazi.

Lakini si kwamba wepesi wa vifaa ni upuuzi. Msongamano wa chuma ni gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo na wa alumini ni 2.7, kwa hiyo alumini ina theluthi moja tu ya uzito. Bahati mbaya ukaidi wake dhidi ya kupinda nao ni theluthi moja. Mtengenezaji hulazimika kuunda mabomba manene zaidi kwa kipenyo ili kurudisha ukaidi huo, na ndiyo sababu fremu za alumini huonekana zimenenepa. Tofauti kubwa zaidi haionekani dukani. Chuma kikitikiswa mara milioni chini ya kiwango fulani cha mkazo, hakichoki. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko, hata mdogo, unahesabiwa, na siku moja hesabu hutimia. Fremu ya chuma iliyopasuka yaweza kuunganishwa na fundi mwenye mtungi wa gesi hapo Mwanga, naye akaongeza kipande cha nondo kwenye uma wa mbele, kama ilivyo desturi ya baiskeli za mizigo kote Afrika Mashariki. Fremu ya alumini ikiunganishwa kwa moto wa namna hiyo hupoteza nguvu iliyopewa kiwandani, na ile ya nyuzi za kaboni haiunganishwi kwa moto kabisa. Kwa hiyo anayenunua fremu nyepesi iliyotumika Ulaya au Japani hununua pia mitikisiko yote iliyokwisha kuipata huko, isiyoandikwa popote.

Limebaki suala la kushuka, ambalo wapenzi wa wepesi hulitaja kwa nadra. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Nchi ya Kasulu iko juu ya mita 1,200, na vilima vya Kalinzi vyenye kahawa na ndizi viko juu pia. Mizigo ya Kigoma, kwa hiyo, hushuka zaidi kuliko inavyopanda. Ndivyo ilivyo pia upande wa Burundi, ambako wachukuzi wa ndizi wanaoteremka kwenda Bujumbura wanajulikana kwa mwendo wao wa kutisha, na kwa kujishikiza nyuma ya malori wakati wa kurudi mlimani. Baiskeli ya kilo 170 ikishuka kimo cha mita 100 huachilia jouli 166,600. Nishati hiyo yatosha kuchemsha nusu lita ya maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi, na inayobaki lazima igeuzwe joto na breki, au na soli ya katambuga iliyobanwa kwenye tairi, au na kitu kitakachogongwa. Bila breki wala misuguano, kimo cha mita 15 tu chatosha kufikisha mwendo wa kilomita 62 kwa saa. Uzito wa mzigo hauongezi wala kupunguza mwendo huo katika hesabu. Huongeza kile ambacho mwendo huo utafanya mwishoni.

Hapa ndipo kipuri kimoja chepesi kinapojistahilia sifa, nacho ni ringi ya alumini. Ringi ya chuma iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya msuguano wake inapolowa maji, na kila aliyeshuka kutoka Mwanga katika mvua za masika anaujua ukimya ule wa breki iliyobanwa isiyoshika. Alumini hushika vizuri zaidi ikilowa. Gramu zinazopungua ni faida ya ziada. Kinachonunuliwa hasa ni kusimama. Ila ringi hiyo haifungwi popote: breki za fimbo za Phoenix, Raleigh na Hero za zamani hubana ringi kwa upande wa ndani, na ringi nyingi za alumini zimeundwa kubanwa ubavuni, kwa hiyo breki nazo hazina budi kubadilishwa. Mwenye fedha za ringi bila fedha za breki angoje.

Kwa kijana anayejiandaa kwa mashindano hasa, mwenye mwili wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 10, hesabu ni nyingine. Kilo moja kwake ni asilimia 1.4 ya jumla. Katika mlima wa nusu saa ni sekunde 25, na mbio hushindwa kwa sekunde chache kuliko hizo. Huyo na anunue vyepesi, akianza na tairi nzuri, kisha ringi, tandiko na mwisho fremu, asiguse kamwe breki. Akumbuke pia kwamba kwenye tambarare adui yake ni hewa: nguvu ya kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hata mwendo ukizidi mara mbili nguvu inayodaiwa huzidi mara nane. Kuinamisha mgongo humsaidia huko kuliko kipuri chochote.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Duka huonyesha rangi, nembo na bei, na pengine uzito wa kipuri kwa gramu. Mara chache sana huonyesha mzigo ambao kipuri hicho kimekusudiwa kubeba. Kwa nchi ambayo baiskeli zake hubeba mkaa, mihogo, mawese na wagonjwa, hilo ni pengo kubwa. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, ndicho chombo kinachofaa kudai kwamba ringi, uma na keria visiuzwe bila kupigwa chapa ya mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Chapa hiyo ingemfaa mchukuzi kuliko tarakimu yoyote ya gramu.

Walimu wa fizikia, kwa upande wao, hawana haja ya kungoja chapa. Jaribio lifuatalo lahitaji baiskeli moja, bomba, chokaa na utepe wa kupimia. Itafutwe barabara yenye mteremko mdogo unaoishia kwenye tambarare, isiyo na magari, na baiskeli yenye breki zote mbili. Mwanafunzi aachie baiskeli kutoka alama ya kwanza bila kupiga pedali, na mahali inapojisimamia pawekwe chokaa. Irudiwe mara tano kwa tairi ngumu, mara tano kwa tairi zilizopunguzwa upepo hadi nusu, na mara tano kwa tairi ngumu huku madigadi, stendi na kava vimevuliwa. Mpandaji awe yule yule na siku isiwe ya upepo. Wastani wa kila kundi uandikwe ubaoni, madigadi yafungwe tena mahali pake, na darasa lijadili ni alama ipi ya chokaa iliyohama, na kwa mita ngapi.